Ugali mgumu, feni usiku kucha: majibu kwa waliooana juzi

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanandoa ambao hawajamaliza mwaka pamoja. Hakuna anayesema mwenzake ni mbaya. Wanagombana juu ya sufuria, feni na mtungi wa gesi. Tumezijibu kwa vipimo na dakika, kwa sababu ugomvi wa namna hii mara nyingi unakaa hapo hapo kwenye vipimo.

Mimi ni wa Tanga, mume wangu ni wa Shinyanga. Nimezoea ugali wa sembe, laini. Yeye anataka dona, tena mgumu. Nikimpikia unatoka na madonge na kunuka unga mbichi. Sasa napika sufuria mbili kila jioni na nimechoka. – Mke wa Msukuma, Dar es Salaam

Dada, pole kwa kuchoka. Sufuria moja inatosha, ila kwanza uijue dona. Mahindi yake husagwa pamoja na pumba na kiini, kwa hiyo unga hunywa maji taratibu na huchelewa kuiva. Ukiupa dakika za sembe, hiyo harufu ya ubichi lazima uipate. Madonge nayo yanakuja pale unga mkavu unapomwagwa kwa mkupuo kwenye maji yanayotokota: nje unaiva na kufunga, ndani unabaki vumbi.

Kwa watu wawili chukua maji vikombe 3 na unga vikombe 2, kisha weka robo kikombe cha unga pembeni. Anza kwa kuchanganya dona na sembe nusu kwa nusu, kila mmoja asogee kidogo. Toa nusu kikombe cha unga kwenye vile 2, ukoroge na maji baridi kidogo uliyoyapunguza kwenye yale 3, halafu mimina kwenye maji ya moto huku unakoroga. Uji uchemke dakika 5 kamili. Hapa ndipo wengi wanaharakisha, na hapa ndipo ubichi unapobaki. Punguza moto, tia unga uliobaki kidogo kidogo, songa, na kila donge ulibane kwa mwiko kwenye ukuta wa sufuria mpaka lipasuke. Funika dakika 4 kwa moto mdogo, geuza, songa tena.

Huo ni ugali wako: pakua nusu. Nusu iliyobaki sufuriani itie ile robo kikombe ya pembeni, songa kwa nguvu, funika dakika 3 au 4 nyingine. Huo ni wa kwake. Na mwiko huo si wako peke yako. Anayetaka ugali mgumu ana mikono ya kuusonga.

Dona msinunue nyingi. Mafuta ya kile kiini huharibika na unga unakuwa mchungu mapema kuliko sembe. Kilo 2 au 3 kwa mara moja zinatosha.

Mke wangu ni wa Pwani. Maharage nazi, mchicha nazi, samaki nazi. Tumbo linanijaa kila siku. Nikimwambia, anaona nadharau kwao. – Bwana wa Bara, Morogoro

Kaka, angalia kwanza unavyosema. "Chakula chenu kinanisumbua" kinamgusa hadi mama yake. "Maharage ya jana yamenijaza tumbo" ni habari ya maharage tu.

Na huenda kweli ni maharage. Yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya, yatokote kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kisha yaive mpaka yapondeke kwa vidole. Hapo ndipo nazi iingie. Nazi ikikunwa, tui la kwanza ni zito na lina mafuta mengi. Machicha yakiongezewa maji vuguvugu na kukamuliwa tena hutoa tui jepesi. Mwombe maharage na mchicha vipikwe kwa tui jepesi tu. Tui zito libaki kwa samaki na wali, litiwe mwishoni, moto mdogo, likorogwe bila kuachwa, maana likitokota sana hukatika na mafuta yanaelea juu.

Chagueni pia siku mbili au tatu za wiki ambazo jikoni hakuna nazi, na siku hizo upike wewe vya kwenu. Jingine: chakula cha nazi huchacha haraka. Kilichobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, kiliwe kesho yake. Kiporo cha wali kilicholala mezani hata ukikipasha moto hakiwi salama, kwani sumu ya bakteria wake haifi kwa moto.

Tunatumia taulo moja. Yeye haoni tatizo, mimi naona. – Bi Harusi, Dodoma

Nunua la pili, rangi tofauti, na msumari wa pili mlangoni. Taulo bichi linalozunguka watu wawili husambaza fangasi. Msijadili zaidi ya hapo.

Kwetu ni Makete, tulilala na blanketi. Mume wangu hawezi kulala bila feni, tena imetuelekea usoni. Naamka koo limekauka. Anasema feni inafukuza mbu, chandarua hataki. LUKU ikiisha analaumu maji yangu ya moto. – Mke, Kigamboni

Tuanze na LUKU. Feni ya wati 60 kwa saa 8 inakula takriban nusu uniti. Ndoo ya lita 20 ikipashwa kwa hita ya wati 2,000 kwa dakika 15 nayo inakula nusu uniti. Mko sawasawa, basi hilo lifungwe.

Feni ihamie upande wa miguu, namba 1 au 2, isielekee usoni. Kila mmoja awe na shuka lake: wewe ongeza blanketi jepesi, yeye alale na shuka tupu.

Kuhusu mbu, ana haki kidogo tu. Upepo huwasumbua pale unapopiga. Umeme ukikatika saa 8 usiku, hana kinga. Chandarua kibaki, kichomekwe chini ya godoro pande zote, feni iwe nje yake. Neti hupunguza upepo, ndiyo maana anaikataa. Sogeza feni karibu, kimo cha godoro, atausikia. Cha dawa kisifuliwe mara kwa mara: mara moja kila miezi 3 inatosha, kwa sabuni ya kawaida, bila jiki, kianikwe kivulini.

Mke wangu anazima jiko la gesi kwa kitufe tu, mtungi anauacha wazi. Naamka kwenda kuufunga, anasema namkagua kama mwanafunzi. – Mume, Mwanza

Hoja yako ni sahihi na tunaomba msikilizane leo hii. Kitufe kikifungwa, mpira wote kutoka mtungini hadi jikoni unabaki umejaa gesi. Ukiwa na ufa, gesi inavuja usiku mzima, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni ikingoja cheche.

Mwonyeshe hivi: moto ukiwa bado unawaka, funga koki ya mtungi, subirini moto ufe wenyewe, ndipo mfunge kitufe. Mpira unabaki mtupu. Kisha kubalianeni kwamba aliyepika wa mwisho ndiye anayefunga, awe yeye au wewe, na kukagua kuishie hapo. Kila mkibadilisha mtungi, fungueni koki mpake povu la sabuni kwenye maungio; likitoa mapovu, panavuja. Msijaribu kwa kiberiti kamwe.

Mkisikia harufu, fungeni mtungi, fungueni milango na madirisha, msiguse swichi yoyote, hata ya kuzimia taa. Tokeni, na simu mpigie nje.