Usianze kwa kuilaumu valvu

Vijana wanaoniletea amplifaya za valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) walizojiundia wenyewe hapa Ngamiani, Tanga, huja na swali moja: "Kaka, valvu imekufa, nyingine nitaipata wapi?" Mara nyingi valvu ni nzima. Siwacheki, maana mimi mwenyewe nilinunua mbili pasipo haja kabla sijapata akili.

Amplifaya yangu ya kwanza ilikuwa ya kujifunzia: valvu ya ECC83 moja mbele, inapoingia sauti, na ya EL84 moja nyuma, ya kusukuma spika, wati 5 hivi. Nusu ya vipuri niling'oa kwenye redio kuukuu ya babu, na chasisi ilikuwa sinia la alumini lililopinduliwa. Ikaimba siku tatu. Jioni ya nne, taarabu imekolea, sauti ikaanza kukwaruza. Nilipozima taa ya chumbani nikaona bati la ndani ya EL84 limeiva jekundu kama kaa la moto. Nikasema valvu mbovu. Nikapachika mpya, nayo ikaiva. Ya tatu vilevile.

Ndipo nikashika mita, kitu ambacho ningekifanya tangu mwanzo. Gridi ya EL84, yaani pale sauti inapoingilia valvu, mguu wa 2, inatakiwa isome sifuri. Yangu ilisoma volti 9. Kathodi, sehemu inayotoa elektroni, mguu wa 3, ilitakiwa iwe na volti 7 hivi, ikawa na 13. Chini ya kathodi pana rezista, kipuri cha kubana mkondo, ya omu 135. Gawanya volti 13 kwa omu 135, utapata mkondo wa miliampea 96, karibu mara mbili ya stahili yake. Valvu ilikuwa inalazimishwa kubeba mzigo usio wake. Mkosaji alikuwa kapasita ya karatasi ya redio ya babu, ile inayopitisha muziki kutoka ECC83. Kazi yake ni kuruhusu sauti na kuzuia umeme wa DC, ule usiogeuka mwelekeo, lakini kwa uzee ilikuwa inavuja. Nikaikata mguu mmoja, gridi ikarudi sifuri papo hapo. Kapasita mpya ilinigharimu kama soda mbili.

Kwa hiyo ukifungua redio ya zamani, chukua transfoma, soketi na valvu. Kapasita zote, za karatasi na za elektrolitiki, tupa, hata kama zinang'aa.

Kabla hujapima chochote, jua kwamba humu ndani mna volti 250 hadi 300, na kapasita za pawa zinabaki nazo hata plagi ukishachomoa. Funga rezista ya kilo-omu 220 ya wati 2 sambamba na kapasita kubwa, ibaki hapo moja kwa moja. Ukizima subiri dakika moja, kisha upime, usikisie. Unapopima kifaa kikiwa kinawaka, mkono mmoja uwe mfukoni na miguuni uwe na ndala kavu. Na siku ya kwanza ya kuwasha, unganisha balbu ya wati 60 kwa mfululizo kwenye waya wa umeme, balbu ya uzi, siyo hizi za kisasa. Ikiwaka kali na kubaki hivyo, una shoti, zima. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Spika nayo iwe imeshaunganishwa, maana transfoma ya sauti isiyo na mzigo inaweza kuungua ndani ukipitisha muziki.

Mngurumo ndio utakaokusumbua zaidi. Zima, chomoa ECC83, washa tena. Mngurumo ukibaki, tatizo liko kwenye pawa au EL84. Ukipotea, tafuta mbele. Sikiliza pia aina yake: umeme wetu ni hetsi 50, kwa hiyo mngurumo mzito wa 50 hutoka kwenye waya za hita (zinazoipasha valvu joto) au ethi (waya wa sifuri), na ule mkali kidogo wa 100 ni kapasita za pawa zisizotosha. Waya za hita zisokote kama ukili na uzilaze kwenye kona ya chasisi, mbali na gridi. Kama transfoma haina waya wa katikati wa hita, weka rezista mbili za omu 100, moja toka kila waya wa hita kwenda ethi. Halafu ethi za sauti zikusanye sehemu moja. Mimi nilikuwa nimeipeleka ethi ya soketi ya kuingizia sauti kwenye chasisi na kwenye pawa kwa wakati mmoja, nikahangaika wiki nzima na mngurumo niliouunda kwa mikono yangu.

Kitu kingine ni cha hapa kwetu. Ukikaa karibu na bahari, kama Raskazone, upepo wa chumvi unakula miguu ya valvu na soketi. Sauti inakatikakatika, ukigusa valvu inarudi, nawe unadhani imekufa. Zima, ipoe, ichomoe, sugua miguu kwa msasa laini, kaza kidogo vishikio vya soketi kwa sindano, rudisha. Yule kijana wa juzi aliyetoka Chumbageni na EL84 mpya mfukoni, bado kwenye karatasi yake, aliondoka nayo vilevile.