Wi-Fi haipo kwenye menyu, kadi ipo

Kwenye Linux, kama amri ya `ip link` kwenye terminali inakuonyesha wlp3s0 (jina la kadi yako ya Wi-Fi) lakini menyu ya mtandao haina Wi-Fi hata moja, ndugu yangu, draiva (programu inayoiendesha kadi) iache kwanza. Kadi imeshatambuliwa. Andika `nmcli device`: ukikuta "unmanaged" mbele ya jina lake, NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, imeambiwa isiiguse.

Kwenye Debian (aina mojawapo ya Linux), fungua faili la /etc/network/interfaces kwa sudo, yaani kwa ruhusa ya msimamizi. Ukisakinisha mfumo kwa kupitia Wi-Fi, kisakinishi kinaweza kuacha humo jina la kadi pamoja na nywila yako, na NetworkManager ikiliona jina hilo inajiweka kando. Weka # mwanzoni mwa kila mstari wa wlp3s0 ili usisomwe, pamoja na ile ya wpa-ssid (jina la Wi-Fi) na wpa-psk (nywila) iliyo chini yake. Mistari ya lo (mtandao wa ndani ya kompyuta yenyewe) usiiguse kabisa! Kisha washa upya kompyuta nzima, maana wpa_supplicant (programu inayoiunganisha kadi na Wi-Fi) ya mwanzo huenda bado imeishikilia kadi.

Ukikuta "unavailable" kwenye `nmcli device`, tazama `rfkill list`, amri inayoonyesha kama Wi-Fi imezimwa. "Soft blocked: yes" huondolewa kwa `sudo rfkill unblock wifi`. Ikiwa ni "Hard blocked: yes", tafuta swichi kwenye mashine yenyewe; amri hiyo haitasaidia.