Nimwekee mtoto katuni?

SWALI: Shikamoo dada. Mwanangu wa kwanza ana miezi 5, jirani ananiambia nimwekee katuni za Kiingereza kwenye simu eti akili itafunguka mapema. Mimi huwa namwongelesha tu nikiwa nafua au napika, ila naona kama haelewi kitu. Nifanyeje? – Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Endelea kumwongelesha, tena usiache kabisa! Ubongo wa mtoto akizaliwa ni kama robo ya ubongo wa mtu mzima, mwaka wa kwanza tu unakua karibu mara mbili, na miaka 3 umeshafika kama asilimia 80, na njia za humo ndani zinaimarika kwa kutumika, yaani sauti yako, uso wako, kubebwa. Akisema "aguu" mjibu, kisha nyamaza umpe zamu yake, akiguna tena mjibu tena, hapo ndo anajifunza kuongea hata kama maneno bado. Simu haimjibu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema chini ya mwaka 1 asiwekewe skrini kabisa, hizo katuni achana nazo. Na lugha ya nyumbani inatosha, bibi akimwimbia Kidigo mwache amwimbie.

Akifikisha miezi 6 uji mtupu hautoshi, huku akiendelea kunyonya mpe na maini, mayai, dagaa waliosagwa, ubongo unahitaji madini ya chuma. Na kama hashtuki kelele wala hageuki akisikia sauti yako, mpeleke kliniki wamcheki masikio, usisubiri.