Kamera haijui shela wala suti, mwanga amua mwenyewe

Wadogo zangu mnaoanza kupiga harusi, hili nawaambia kwa sababu mimi liliniumbua. Harusi ya kwanza kupiga peke yangu, Coco Beach pale, saa tisa jua linawaka, bwana harusi suti nyeusi tii, mita, yaani kipima mwanga cha kamera, nimeiweka isome kidoti cha katikati na kidoti chenyewe kimetua kwenye koti lake. Kila nikicheki kioo cha nyuma naona picha kali. Usiku nafungua kwenye laptop, gauni jeupe pee kama karatasi, ile lesi ya kifuani yenye maua madogo madogo na shanga haipo, nikishusha mwanga inakuwa kijivu tu kama imepakwa chokaa. Mama wa bibi harusi akaniuliza maua yameenda wapi. Hela iliyobaki sikuidai.

Kilichotokea ni hivi: mita ya kamera inachukulia chochote ulichoielekezea ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Ukiipa cheusi inaona giza, inaongeza mwanga, koti linakuwa kijivu na gauni pembeni linaungua. Ukiipa cheupe inapunguza, gauni linatoka kama halijafuliwa na sura ya bibi harusi inazama. Kwa hiyo gauni likijaza fremu ongeza stopu moja hivi (stopu moja ni mwanga mara mbili), suti nyeusi ikijaza punguza, kitufe cha kujumlisha na kutoa kipo kwa kazi hiyo na kuna watu wana kamera miaka hawajawahi kukigusa.

Juani mimi siku hizi mita siiulizi, naenda manyuo, napanga kila kitu kwa mkono. Wazee wa filamu walikuwa na hesabu yao, jua kali f/16 (hiyo ni tundu la lenzi, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) na shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ilingane na ISO, ule wepesi wa kamera kuhisi mwanga: ISO 100 shata 1/100 ya sekunde, ukifungua tundu mpaka f/8 ni stopu mbili basi shata inapanda 1/400. Kwenye mchanga mweupe punguza tena kidogo. Jua halibadiliki eti kwa sababu mtu kavaa nyeusi.

Halafu kioo cha nyuma msikiamini, juani kinaonekana giza, ukumbini kinang'aa. Fungua histogramu, ule mchoro kama mlima unaoonyesha mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia. Mlima ukiwa umebanwa kwenye ukuta wa kulia ujue kuna sehemu imeungua, na washa ile alamu inayofanya sehemu zilizoungua ziwakewake, ikiwaka kwenye bampa la gari ni sawa, ikiwaka kwenye lesi rudia. Kumbuka hiyo histogramu inatoka kwenye JPEG, picha iliyokwisha kupikwa na kamera, hata kama unapiga RAW, ile mbichi ya kuedit mwenyewe, so RAW ina nafasi kidogo zaidi, kidogo tu lakini.

Ila wengine wakishaogopa kuungua wanapiga giza kila kitu wakisema nitanyanyua kwenye kuedit, hapo ngozi zetu ndo zinaumia. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kutoka giza hadi weupe, stopu ya juu kabisa, yenye mwanga mwingi, peke yake inachukua 8,192, inayofuata 4,096, ukifika ya sita kutoka juu zimebaki 256. Uso wa mtu mweusi ukiuacha huko chini halafu ukaunyanyua unaleta chengachenga na rangi inakuwa ya udongo. Mpe mwanga wa kutosha pale pale, kwa flashi au rifleta (ubao wa kurudisha mwanga), sio umng'arishe mpaka ndugu zake wamsahau, mweusi abaki mweusi anayeng'aa.

Ukumbini ISO 3200 isikutishe, kinachosumbua ni mistari ya taa inayotokea kwenye picha. Umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, shata ya 1/500 inazishika katikati, shuka 1/100.

Siku hizi kabla ya lolote nawasimamisha maharusi wawili bega kwa bega, napiga moja, nazumu kifuani mpaka nione matundu ya lesi, nahamia kwenye koti nione vifungo. Nikiviona vyote ndo namwambia MC tuendelee.