Boila inayonguruma kama birika: tazama kwanza mshale wa presha

SWALI: Fundi, salamu. Nina boila ya gesi ya kupasha nyumba joto, ina miaka tisa sasa. Tangu baridi ianze imekuwa na kelele. Inawaka vizuri, lakini baada ya dakika kama tano inaanza kuvuma kama birika linalokaribia kuchemka, halafu inagongagonga. Moto ukizima, kelele zinaisha. Nimetoa hewa kwenye rejeta zote, yale mabamba ya vyumbani yanayotoa joto, mara tatu bila mafanikio. Kila wiki naongeza maji kidogo kwa kuwa presha inashuka chini ya baa 1, ila hilo nimeshalizoea. Rafiki yangu ananishauri nitie siki kwenye mfumo ili isafishe. Nimsikilize?

JIBU: Salamu nimezipokea, ndugu yangu. Siki usitie, na sababu nitakueleza. Lakini katika maelezo yako yote, kilichonishtua zaidi si kelele. Ni hayo maji unayoongeza kila wiki na kusema umeshayazoea. Mfumo wa kupasha joto uliofungwa haunywi maji. Ukijazwa leo, unatakiwa ukae miezi mingi mshale uko palepale. Kama unaongeza kila wiki, basi kila wiki kuna maji yanayotoka mahali fulani, na hayo mapya unayoingiza ndiyo yanayoiletea boila yako kelele.

Maji ya bomba, hasa yale maji magumu, hubeba chokaa iliyoyeyuka. Chokaa hii ina tabia kinyume na ya chumvi au sukari: maji yakipata moto, inajitenga na kuganda. Inagandia pale penye moto mkali kuliko kote, yaani kwenye kibadilisha joto, kile kipande cha chuma chenye njia nyembamba ambamo maji hupita jirani na moto. Ni ukoko uleule mweupe unaouona ndani ya birika la siku nyingi. Maji mapya yanaleta pia oksijeni, nayo inakula chuma cha rejeta na kuacha tope jeusi la kutu, ambalo huishia kwenye njia zilezile nyembamba.

Sasa, ukoko ukishakaa, joto haliondoki haraka kwenye chuma. Maji machache yaliyonaswa ndani ya ukoko yanachemka na kuwa mvuke, wakati maji mengine yote bado yana nyuzi 60 au 70. Viputo vya mvuke vinatoka, vinakutana na maji yaliyopoa kuliko vyenyewe, vinasinyaa ghafla. Kule kusinyaa ndiko kunakotoa mvumo na kugonga unakosikia. Ndiyo maana inachukua dakika kadhaa kuanza, na ndiyo maana kutoa hewa kwenye rejeta hakukusaidia. Hewa ina sauti yake: inabubujika kama maji yanayomiminwa chupani, tena utaisikia kwenye rejeta zaidi kuliko kwenye boila.

Ukitaka uhakika, shusha joto la boila kutoka nyuzi 80 hadi 60 kwa siku moja. Mvumo ukipungua sana, chanzo ni ukoko au tope, au maji yanayopita polepole mno kwa sababu pampu imechoka au kichujio kimeziba. Kisha kinga maji kidogo kutoka kwenye rejeta kwa gilasi ya kioo, uyaache yatulie. Yakiwa meusi na tope likaketi chini, sogeza sumaku ubavuni mwa gilasi. Tope likiifuata sumaku, umeona kwa macho yako chuma cha rejeta zako kikiondoka kidogokidogo.

Turudi kwenye presha. Asubuhi, boila ikiwa imepoa kabisa, soma geji. Iwe kati ya baa 1 na 1.5. Iwashe, ipate moto sawasawa, usome tena. Mshale ukipanda nusu baa hivi, hapana shida. Ukipanda hadi kukaribia 3, tatizo liko kwenye tangi la kutanukia maji. Tangi hili lina utando wa mpira, upande mmoja maji, upande mwingine hewa. Maji yakipata moto yanatanuka na kuisukuma ile hewa. Hewa ikiisha, maji hayana pa kutanukia, presha inafika baa 3, valvu ya usalama inafunguka na kuyamwaga nje. Usiku boila inapoa, presha inashuka, asubuhi wewe unaongeza. Umeona mzunguko ulivyo? Funga mfuko wa plastiki, kwa kulegea, kwenye mdomo wa bomba linalotoka nje kutoka kwenye valvu hiyo. Asubuhi ukikuta maji mfukoni, jibu umelipata. Ukikuta mkavu, tafuta uvujaji kwenye maungio na chini ya rejeta, mahali penye alama za kijani, nyeupe au kutu.

Fundi atabonyeza valvu ndogo ya hewa ya tangi, inayofanana na ya tairi. Yakitoka maji, mpira umepasuka na tangi libadilishwe. Ikiwa ni hewa tu iliyopungua, atatoa kwanza presha yote ya maji, kisha ajaze hewa kwa kipimo cha mtengenezaji, mara nyingi baina ya baa 0.75 na 1. Valvu ya usalama iliyokwisha kumwaga mara nyingi haifungi tena vizuri, kwa hiyo mimi huibadilisha siku hiyohiyo.

Kusafisha kunafuata baada ya hapo. Fundi akija na dawa moja kwa moja bila kukuuliza habari za presha, msimamishe, maana ukoko utarudi. Na dawa ina mambo yake: vibadilisha joto vingine ni vya chuma cha pua, vingine ni vya aluminiamu, na asidi isiyofaa huila aluminiamu. Hapo ndipo siki inapokataliwa. Hujui inagusa nini, wala hutaweza kuisuuza yote itoke. Dawa sahihi huzungushwa kwa pampu, husuuzwa mpaka maji yatoke meupe, kisha hutiwa dawa ya kuzuia kutu. Omba pia kichujio chenye sumaku kwenye bomba linalorudisha maji kwenye boila.

Kufungua mfuniko wa boila ya gesi ni kazi ya fundi mwenye leseni, hata kama una mkono mwepesi. Na ukisikia mlipuko mdogo pale moto unapowaka, au ukaona mwali wa njano, masizi, au watu nyumbani wakaumwa kichwa, zima, fungua madirisha, tokeni nje, mwite fundi. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu.

Tangi likishatengenezwa na mfumo kusafishwa, andika presha ya asubuhi kila siku kwa mwezi mmoja bila kuongeza hata tone. Mshale ukitulia na mvumo bado upo, ukoko umekuwa mgumu kuliko dawa, na hapo kibadilisha joto chenyewe ndicho cha kubadilishwa.