Ungoje kidogo kabla ya kuandika diskini

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kwa nini mfumo wako wa faili, yaani programu inayopanga faili diskini, unasuasua ilhali unapeleka kila bloku (kipande cha data) ya baiti 4,096 diskini mara inapobadilika. Haraka hiyo ndiyo tatizo. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huchukua takriban milisekunde 8.3 kuzunguka mara moja, na bloku iliyochelewa kidogo tu, mahali pake pakishapita, huweza kungoja mzunguko mzima, kama mashua ingalivuka kutoka Mokowe hadi Lamu na gunia mojamoja. Ziache bloku kwa muda kwenye kumbukumbu ya kompyuta (RAM), kisha uunganishe zile tu ambazo namba zake zinafuatana diskini kwenyewe, si katika faili peke yake. Bloku 64 zitakuwa ombi moja la kuandika kilobaiti 256. Ila programu ikiomba data yake ihifadhiwe sasa, nakusihi usiicheleweshe, kwani umeme ukikatika itapotea.