Makaratasi hayaji na pilau la harusi

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, na nyuma yako nimemsikia shangazi, mama yenu, akidakia, "Muulize na habari ya tiketi." Kwa hiyo najua nawajibu nyumba nzima, pamoja na majirani wawili watatu. Kaka yako alikuja Uingereza kwa viza ya mwanafunzi, ada ya chuo ikamshinda, viza ikaisha, akazamia. Sasa kapata binti wa Kitanzania aliyekulia huku, mwenye pasipoti ya Uingereza, na wanataka kuoana. Nyie mmeshaambiwa kwamba akifunga ndoa tu, miezi mitatu haipiti ana makaratasi, na Desemba anashuka Tanga na mkewe kuwasalimia wazee. Shangazi keshaanza kuulizia bei ya mbuzi.

Huyo aliyewaambia hivyo, muulizeni yeye makaratasi yake aliyapataje. Mtaona atakavyokohoa.

Habari za baridi na kubeba maboksi mmeshasimuliwa na kila anayekuja likizo, sizirudii. Nitasema hili moja kwa sababu nalala nalo kitanda kimoja. Mume wangu, huyo huyo mnayemsifia kwenye picha kwamba kanawiri, tulipooana viza yake ilikuwa imeisha zamani na hakuwa na hata kipande cha karatasi cha kumruhusu kuwa hapa. Shangazi anajua. Ndiyo maana yeye na wenzake walisema nimemlisha limbwata. Hilo nitalifikia.

Kwanza, ndoa haifuti kosa. Kumuoa raia hakumpi mtu haki ya kubaki. Kinachompa haki hiyo ni maombi, na maombi ni jambo jingine kabisa, lina ada yake na ushahidi wake, na jibu lake linaweza kuwa hapana. Wala asiwadanganye mtu kwamba shekhe atawafungisha nikahi sebuleni, mambo yakaisha. Mbele ya Mungu nikahi ni nikahi, lakini kwa sheria ya England nikahi peke yake haihesabiki kuwa ndoa. Lazima waende kwa msajili wa serikali, wote wawili, na pasipoti zao, watoe taarifa kwamba wanataka kuoana. Msajili anaipeleka taarifa ile Home Office, ndio uhamiaji wenyewe. Kwa kawaida mnasubiri siku 28, na wakitaka kuwachunguza wanazivuta mpaka 70. Sasa fikiria: mtu aliyekuwa anajificha anakwenda mwenyewe, kwa miguu yake, na anwani yake ya kweli mkononi, kuwaambia jamani mimi nipo.

Siku yetu walituita mmoja mmoja. Mama aliyenihoji alikuwa mpole, miwani inaning'inia shingoni. Akaniuliza jina kamili la mwenzangu, tarehe yake ya kuzaliwa, halafu: anafanya kazi gani? Alfajiri ile mume wangu alikuwa ametoka kuosha magari, vidole vimekunjamana kwa maji, kucha zimeliwa na dawa. Lakini ruhusa ya kazi hana, na kufanya kazi bila ruhusa hapa ni kosa la jinai. Mwajiri naye siku hizi akikamatwa anaweza kutozwa mpaka pauni 45,000 kwa mfanyakazi mmoja, na hilo ni kosa la kwanza. Ndiyo maana wanaothubutu kuwaajiri watu kama kaka yako huwalipa wanavyotaka, na wasipowalipa hakuna wa kumshtakia. Nikasema: hana kazi. Na yeye alipoitwa akajibu hivyo hivyo, mikono kaificha chini ya meza.

Baada ya ndoa ndiyo yakaja maombi. Mwenye viza halali akioa raia anaweza kuingia njia ya miaka 5. Kwa aliyezidisha muda, mlango huo umefungwa. Yeye anatakiwa athibitishe kwamba kuna vikwazo visivyovukika vya kwenda kuishi na mkewe nje ya Uingereza, au kwamba kuna mtoto ambaye si haki kumhamisha. Akifaulu, anaingia njia ya miaka 10.

Yetu ya kwanza ilikataliwa. Barua ilikuwa ndefu, mimi imenibaki aya moja tu: kwamba nilizaliwa Tanzania, nazungumza Kiswahili, nina ndugu huko, kwa hiyo hakuna kitu cha kutuzuia kwenda kuishi huko mume na mke. Yaani Kiswahili changu, nilichokazana nisikisahau, ndicho kimekuwa ushahidi dhidi ya mume wangu! Na Tanzania hiyo wanayonirudisha, nilipochukua pasipoti yao uraia wake uliniponyoka, maana uraia pacha kwetu hatuna. Nikija kuzika nalipa dola 50 za viza kama mtalii wa Serengeti. Wa huku wananiambia nenda kwenu, wa kwetu wananigongea muhuri wa mgeni. Na huyo binti wenu ni Mtanzania vilevile. Barua ya namna hiyo inamsubiri.

Sisi kilichotuokoa ni mtoto, aliyezaliwa raia kwa kuwa mimi ni raia. Najua shangazi akisikia hivi atasema basi wazae haraka. Namuomba asiseme. Mtoto si kiambatisho cha fomu.

Na alichopewa baba wa mtoto ni miezi 30. Ikiisha anaomba tena, na tena, mpaka itimie miaka 10 ndipo aombe ya kudumu. Kila awamu ada ya maombi inazidi pauni 1,000, juu yake kuna ada ya afya pauni 1,035 kwa mwaka, na unalipia miezi 30 yote kwa mkupuo: pauni 2,587 na nusu. Wakili bado hujamhesabu. Kuna msamaha wa ada kwa asiyejiweza, ila umasikini wako wataukagua kwenye taarifa za benki mstari kwa mstari, pamoja na zile pauni hamsini ulizotuma Tanga, waulize kama kweli hujiwezi mbona unagawa. Sasa mnajua kwa nini kuna kipindi nilikuwa kimya na simu zenu sipokei. Kadi yenyewe mnayoniomba niwapigie picha haipo. Siku hizi ni viza ya mtandaoni.

Tuje kwenye limbwata. Mama mkwe alifariki Muheza wakati maombi yetu yako mezani kwao. Pasipoti ya mume wangu ilikuwa mikononi mwao, na hata angekuwa nayo, ukitoka nchini maombi hayajajibiwa yanahesabika umeyaondoa mwenyewe, na kurudi usahau. Alifariki asubuhi, akazikwa baada ya alasiri. Mume wangu alisimama jikoni, simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari, na shemeji yake kule kashika ya kwake kwa mkono mmoja huku anasukumana na watu. Tuliona migongo na kanzu. Kila akisema "inua kidogo, inua," picha inaganda. Udongo hakuuona. Jioni akavaa akaenda kazini, kwa sababu kazi ya siri haina ruhusa ya msiba.

Haukupita muda habari zikanifikia kutoka kwenu: mwanamke kamfunga, hata mama yake hakuja kumzika. Mdogo wangu, nililia kuliko nilivyomlilia marehemu. Kama kuna limbwata, lilipikwa Croydon, kwenye jengo la uhamiaji la Lunar House, na mimi sikupewa hata kijiko cha kukorogea.

Lakini hata hilo si ndilo lililonichosha. Lililonichosha ni ndani ya nyumba. Mkataba wa nyumba una jina langu peke yangu, kwa sababu mwenye nyumba hapa England anatakiwa kukagua makaratasi ya mpangaji. Umeme jina langu, benki jina langu. Kwenye maombi, hati za mshahara ni zangu. Mwanamume aliyekuwa anabishana na makondakta wa daladala mpaka abiria wanacheka, akawa mtu wa "sawa," "haya," "unavyotaka wewe." Akila chakula kisicho na chumvi anasifia. Anaosha vyombo kabla sijainuka. Wenzangu kazini waliniambia nimepata mume wa dhahabu. Mimi nilijua ile si heshima, ni woga. Alikuwa ananiogopa mimi, mkewe, kama anavyomuogopa afisa uhamiaji.

Na mimi nilikuwa najiogopa. Katika ndoa za watu mke akikasirika anasema, "Nitolee balaa lako, ondoka," mwanamume anakwenda kukaa barazani, hasira zinapita. Mimi neno hilo lilikuwa haramu mdomoni, kwa sababu likitoka kwangu lina maana ya ndege. Tukigombana nikashika simu kumpigia dada yangu, namuona macho yake yanaifuata simu. Siku moja nikakuta kafunga begi dogo kaliweka nyuma ya mlango, akaniambia ni nguo za kupeleka msikitini. Sikumuuliza tena.

Huko nje nako walimwita marioo, analelewa. Alikuwa akisikia, ananyamaza.

Kwa hiyo mwambie kaka yako asioe. Asioe kabla hajakaa na huyo binti wakazungumza nani ataitwa nani nyumbani siku hela ikiisha. Ile ndoa ya kununua, ya kulipana mkaachana baadaye, hata asiiwaze. Msajili anabanwa na sheria ya mwaka 1999 kuripoti ndoa anayoitilia shaka, na watu wamefungwa, wakiwemo wenye pasipoti.

Kama anampenda kweli lakini, aoe, asisubiri. Kila mwaka anaokaa mafichoni mgongo unazidi kuinama, na akiumwa akalazwa, hospitali inamtoza asilimia 150 ya gharama, na deni la pauni 500 tu lisilolipwa linatosha kumharibia maombi. Mwanasheria wetu alikuwa akisema anayejitokeza mwenyewe anatazamwa tofauti na anayekamatwa. Mimi namuamini nusu.

Au arudi nyumbani. Nasema kweli. Kama binti anaingiza pauni 29,000 kwa mwaka, kaka yako anaweza kurudi Dar, akapima kifua kikuu, akafanya mtihani wa Kiingereza, akaomba viza ya mume kutokea huko. Anayeondoka kwa nauli yake mwenyewe kwa kawaida anafungiwa mwaka 1, anayepakiwa kwa nguvu ni miaka 10, na ndoa ya kweli ina namna yake ya kuangaliwa, kwa hiyo wakili asomewe faili lote kabla tiketi haijakatwa. Shida ni hizo 29,000: kwa kima cha chini cha mshahara na wiki ya kawaida ya kazi huzifikii, na sisi tunaolea wazee wa watu tunalijua hilo. Mimi wa kwangu nilimkatalia kupanda ndege hiyo. Nilisema akienda sitamuona tena. Lakini kaka yako bado kijana, hana mtoto, na shangazi yupo hai. Angekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningemwambia arudi, amuone mama yake.

Ila msimlazimishe. Na msimwambie mwenzio fulani kajenga.

Wakili awe amesajiliwa. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila usajili hapa ni kosa, lakini vishoka wa makaratasi wapo tele, wengine Waswahili wenzetu, wanaswali safu ya mbele. Yeyote anayemwambia "nipe elfu mbili, niachie mimi," amkimbie, na asisaini fomu ambayo hajasomewa. Uongo mmoja kwenye fomu unamfuata mtu kuliko hata kule kuzamia.

Mbuzi msinunue. Ada ya maombi haitatoka Tanga, hilo msijisumbue, lakini pesa aliyokuwa anawatumia kaka yako jueni kwamba itakata, na ikikata msiulize kapata mwanamke gani.

Mpe kaka yako namba yangu. Jumapili mchana nakuwa nimeamka kutoka zamu. Aje na kila barua aliyowahi kuandikiwa na Home Office, hata zile alizozificha chini ya godoro bila kuzifungua. Na huyo binti naye anipigie, siku nyingine, kaka yako akiwa hayupo chumbani. Yeye ndiye nina mengi ya kumuuliza, na la kwanza ni kama mama yake anajua.